Baba wa Ubatizo

Basi la kwenda Musonoi lilikuwa bado halijatoka Dilala, na tayari Mama Josée alikuwa anabishana na fundi umeme aliyemchagua awe baba wa ubatizo wa mtoto wake. Mtoto mwenyewe, katika gauni jeupe, alilala mapajani pa mama.

"Tata Beya, padri atauliza tu kama unaamini. Unajibu ndiyo, tunaenda kula."

"Mama, mi siamini tena. Roho njo nini? Courant ikikatika, taa haiendi mbinguni."

Tulicheka abiria wote, hata mimi mwenye rozari mfukoni.

"Na courant inatoka wapi? Si ku bwawa ya Nzilo? Taa yako inakufa, Nzilo iko!" Basi zima likampigia mama makofi.

"Ku Nzilo nilifika, mama, niliiona na macho. Weye mbinguni ulifika lini?" Makofi yakahamia kwake, sisi abiria hatuna msimamo.

"Basi, danganya kidogo," mama akasihi. "Juu ya mutoto."

"Njo mbele ya mutoto sitaki kudanganya. Chagua mwingine. Batu ya kuamini beko mingi mu famille yenu."

Mama Josée akakubali. "Beko mingi," akasema. "Bote batasema ndiyo mbele hata ya kusikia swali. Mi nataka mutoto akue karibu na mutu mwenye anaogopa kudanganya."

Nilitamani Tata Beya ashinde, na mama pia ashinde. Basi likasimama mbele ya kanisa. Mama Josée akamweka mtoto mikononi mwa fundi, akatangulia kushuka.