Historia ya Marehemu Fanuel Wesonga, Mchoraji wa Mto wa Gatina

Kishindo kimoja tu kilisikika usiku wa kuamkia Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, cha mpini wa brashi ukigonga mabati, na Sella, ambaye kwa zaidi ya mwaka alikuwa ameitikia kishindo hicho kama wake wengine wanavyoitikia majina yao, aliinuka kwa mazoea, akapapasa kikombe cha maji, akamfikia mumewe kitandani, na hapo akajua kwamba safari hii hakuwa ameitiwa maji. Simu ilikuwa imelala juu ya kifua cha Wesonga, brashi imemponyoka, na hakugonga tena.

Huyo ndiye tunayemsindikiza leo, wapendwa waombolezaji, kutoka uwanja huu wa kanisa hapa Gatina, Kawangware, kabla ya basi kuondoka kwenda nyumbani Samia.

Fanuel Wesonga alizaliwa tarehe 14 Mei 1961 huko Funyula, Samia, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Oduori na marehemu Mama Nabwire, katika boma lililopakana na kinamasi cha mafunjo, mahali ambapo ndege wa manjano hufuma viota vyao wakigombana kutwa nzima, na Mama Nabwire alipenda kusema kwamba mtoto huyu alijifunza kelele za ndege kabla ya kujifunza kuongea. Alianza shule ya msingi mwaka 1969, akamaliza darasa la saba mwaka 1975, na karo ya sekondari ilipokosekana akabaki nyumbani, akiwapambia kina mama wa kijiji kuta za nyumba zao kwa udongo mwekundu na majivu, kazi aliyolipwa kwa mihogo na kwa kusifiwa.

Alifika Nairobi Januari 1982, akapokelewa Kianda, Kibera, na kaka yake mkubwa, Ogola, aliyeketi hapa mbele yetu, ambaye alimpa pembe ya chumba chake, akamnunulia brashi ya kwanza, akamtafutia kazi ya kuandika mabango ya vinyozi na bucha, na kwa hayo Wesonga alimheshimu kaka yake kama baba mpaka siku ya mwisho. Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na Sella, binti wa Mzee Oluoch, katika kanisa la nyumbani kwao Funyula, na mwaka uliofuata wakahamia Silanga, upande mwingine wa Kibera, karibu na bwawa, kwa sababu kodi ilikuwa nafuu na kwa sababu pale ukingoni mwa bwawa Wesonga aliona mafunjo, akasimama, akamwambia mke wake, "Mama, hapa tumefika."

Watoto, ambao kwa kawaida husomwa baada ya ndoa, tumewaweka mwisho, na sababu yake mtaisikia.

Kazi ambayo wengi wenu mlimjulia aliianza Agosti 2003, wakati Mama Mumbi, mke wa Mzee Ndegwa, alipofungua hoteli yake ya kulia chakula hapa Gatina na kumpa ukuta wote mrefu, kutoka mlangoni hadi jikoni, afanye atakavyo. Wesonga aliuleta mto wa kwao. Alichora maji, mawe, samaki na mafunjo, akaning'iniza matawi makavu kutoka darini, akafungia viota halisi kwenye matawi hayo, akafuma vifuniko vya taa kwa mafunjo ya Silanga, na kwa kuwa mafunjo hukauka na kuvunjika, kila Jumatatu kwa miaka zaidi ya kumi na miwili alitoka bwawani na mzigo mbichi begani, akapita Kianda, akavuka barabara kubwa, akafika Gatina shati limelowa, akabadilisha yaliyochoka. Siku moja kijana mmoja alimwuliza, "Mzee, hii samaki ya ukuta inaenda ngapi?" naye, bila kushuka ngazi, akamjibu, "Hiyo ni ya kuangaliwa, kijana, ya kuliwa uliza jikoni, na usisahau kulipa kama juzi," na hoteli nzima ikacheka.

Sella alimwona akirudi Jumatatu hizo amechoka, akamwosha miguu, akachoka naye. Hatusemi haya kwa kulalamika. Kazi ya uzuri ina jasho lake, na jasho hilo alilifua Sella.

Februari 2016 mambo yalibadilika. Wateja vijana walitaka mahali pa kupigia picha, hoteli za jirani zilikuwa zimeweka kuta za majani ya plastiki na taa za maandishi, na Mama Mumbi, ambaye biashara ilikuwa inamponyoka, akaona naye afanye hivyo. Kazi hiyo alimpa binti wa kwanza wa Wesonga mwenyewe, ambaye alikuwa amesomea mapambo chuoni na kukodi chumba hapa hapa Gatina, akipamba tenti za harusi na mazishi. Binti aliogopa kumwambia baba yake, akaahirisha leo, akaahirisha kesho, na Jumatatu ikafika kabla yake.

Wesonga aliingia na mafunjo begani akakuta mto wake haupo, ukuta wote ni majani yasiyonyauka. Akauliza, "Nani amefanya hii kazi?" Mama Mumbi akasema, "Si ni huyu msichana wako? Kwani hakukuambia?" Wesonga aliweka mzigo chini mlangoni, akairudia njia yote kwa miguu hadi Silanga, na jioni, mbele ya Sella, watoto wengine na kaka yake Ogola, akasema, "Aliyevalisha mto wangu plastiki hana jina kwangu. Msinitajie, nikiwa hai wala nikiwa nimekufa."

Tangu siku hiyo jina hilo halikutajwa nyumbani. Akawa "yule wa Gatina", akawa "dada ya Vincent", kwa jina la mdogo wake, na kwenye simu ya Sella, ili mama aweze kuongea na mtoto wake bila vita, akaandikwa "Mboga". Simu ikilia Wesonga aliisoma, akampa mke wake, akasema, "Mboga wako anapiga," naye Sella akatoka nje, akaongea kwa sauti ya chini karibu na magunia ya makaa ya jirani, na akirudi ndani mumewe alikuwa ameinama juu ya kazi yake. Miaka ilienda hivyo. Jioni moja tu, bila kuinua kichwa, aliuliza, "Mboga ni mzima?" Sella akajibu, "Ni mzima." Usiku huo Sella hakulala kwa kutaka kusema jina, akalimeza.

Marehemu alianza kuugua koo mwaka 2023, saratani ikagunduliwa Januari 2024, na tarehe 9 Julai mwaka huo madaktari, ili kumwokoa, walimfanyia upasuaji ambao ulimwondolea sauti. Akawa anaita kwa kugonga mabati na mpini wa brashi, mara moja tu, naye Sella anakuja.

Mei 2025, mvua ilipoharibu paa la hoteli, mafundi waliyatoa majani ya plastiki, na Mama Mumbi akampigia simu Vincent, mwana wa kiume wa Wesonga, akisema, "Leta mzee wako, hata kama ni kwa kumbeba." Alifikishwa kwa teksi. Nyuma ya plastiki kulikuwa na fremu ya mbao iliyosimama mbali na ukuta kiasi cha upana wa kiganja, nyuma ya fremu kitambaa cha turubai, na nyuma ya turubai mto, wote, mawe yake na samaki zake, rangi mbichi kuliko siku ulipofunikwa. Mama Mumbi mwenyewe alieleza, na yuko hapa anasikia, kwamba yeye alikuwa ameagiza ukuta ukwaruzwe na kupakwa rangi nyeupe, na binti alikataa, akatumia malipo yake kununua mbao, akawaambia mafundi, "Msumari mmoja ukigusa huo mto, mimi na nyinyi tutakosana."

Wesonga alipitisha mkono ukutani akitafuta tundu la msumari, kutoka mlangoni hadi jikoni. Hakupata. Akaketi mbele ya mto mpaka wapishi wakaosha sufuria za mwisho, na Sella, aliyekaa kando yake, aliona mdomo ukifunguka na kufungwa, na hakuna kilichotoka.

Jioni hiyo aliichukua simu ya mkewe, akaitafuta namba ya Mboga, akaipiga, akaiweka simu sikioni. Binti akasema "Mama?" mara kadhaa, kisha akasikia mpini wa brashi ukigonga meza, akaelewa, akaanza kulia. Ikawa hivyo jioni nyingi, yeye anasimulia siku yake, baba anagonga. Lakini kuja hakuja, kwa kuwa alikuwa amefukuzwa kwa neno, akangoja neno.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Silanga waliokesha nasi, Mama Mumbi na wafanyakazi wake, wachoraji wenzake wa Kibera na Kawangware, kanisa, na kila aliyeleta sukari, kiti au bega.

Sasa tuje kwa watoto. Jana alasiri wazee waliketi Silanga kuyapitia maandishi haya, kwa sababu mtoto anayesomwa hapa ndiye atakayepanda gari la jeneza, na wa kwanza kusomwa ndiye atakayetupa udongo wa kwanza. Mzee Ogola, kwa uaminifu kwa ndugu yake, alisema neno la marehemu lisivunjwe. "Alisema kwa mdomo wake, na hakuliondoa kwa mdomo wake. Sisi ni nani?" Wazee wakaitikia kwa vichwa.

Sella alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea ukuta, amechoka kiasi ambacho shemeji zake walidhani amelala. Nje, binti alikuwa akishusha mafunjo mabichi aliyoyakata bwawani asubuhi, haya mnayoyaona yamefungwa kwenye nguzo za tenti na juu ya jeneza, hakuna hata jani moja la plastiki, na alikuwa ameambiwa akimaliza aende zake.

"Shemeji," Sella alisema, "mdomo wake ulichukuliwa na ugonjwa. Wangu bado uko."

Ogola alimtazama, akautazama mzigo wa mafunjo mlangoni, akavua kofia, akauliza kwa sauti ndogo iandikwe nini basi.

Sella alisema, nasi tukaandika kama alivyosema: "Andikeni, baba yao apumzike kwa amani, ametembea vya kutosha, na sisi pia tumechoka. Ameacha Trizah, ameacha Vincent, na mbele yao wote, kifungua mimba wake, Mitchelle."