Mma Rantao na Tarakimu Moja ya Sura ya Sita

Tarehe 31 Agosti, Mma Gaolathe Rantao anastaafu baada ya kuitumikia idara yetu hapa Gaborone kwa miaka ishirini na miwili. Kazi yake ilikuwa kusahihisha mwongozo unaoeleza, hatua kwa hatua, namna ya kuujenga mfumo endeshi wetu wa kompyuta za shule. Nukta iliyosahauliwa, neno lililorukwa, amri iliyoandikwa vibaya: hakuna kilichompita. Wahandisi walimwita Mma Nukta. Yeye aliwaita wavivu, tena mbele ya macho yao.

Nitasema wazi, maana nina hasira. Mwaka juzi aligundua kwamba amri moja katika sura ya sita ilitaja diski ya kwanza badala ya ya pili. Mtu akiifuata, anafuta kila alichohifadhi. Alituma sahihisho. Mkuu wetu, Rra Moagi, akalikataa.

"Tarakimu moja tu, Mma! Hebu tuache tufanye kazi za maana."

Akatuma tena. Likakataliwa tena.

Haukupita muda, mwalimu mmoja wa Maun, Mma Boikanyo, akaifuata amri ile kama ilivyo. Kazi za mtihani za darasa zima zikafutika. Alipopiga simu huku analia, Rra Moagi akamwambia eti hakusoma vizuri. Mma Rantao alimpokonya simu.

"Usilie, mwanangu. Hukukosea wewe, tumekosea sisi. Nakuja."

Akapanda basi, kwa likizo yake mwenyewe, akakaa na wanafunzi wale mpaka wakamaliza kuandika upya. Aliporudi, akapewa onyo kwa kuiaibisha idara! Sahihisho lenyewe likaingizwa kimyakimya, bila jina lake. Hadi leo, aliyewaomba radhi watu wa Maun ni yeye peke yake.

Na sasa tunaambiwa nafasi yake haitajazwa, kwamba makosa madogo hayahitaji mtu. Madogo kwa nani? Sisi wenzake tumekataa kulipitisha toleo jipya la mwongozo mpaka nafasi hiyo itangazwe.

Ijumaa tutakula seswaa, nyama yetu ya kupondwa, pamoja nawe, Mma, na tutacheka sana. Asante kwa kutugombeza miaka yote hii. Nenda Kanye ukalime bustani yako, ulale mpaka jua liwe juu, wala usipokee simu zetu. Jumatatu tunaingia ofisini kwa Rra Moagi, wote, na hatutoki mikono mitupu.