Kondoo Niliowanyoa kwa Wembe

Ijumaa, tarehe nane Mfungo Tano. Asubuhi manyunyu, kisha jua kali.

Leo baada ya sala, wazee wa chama chetu cha kuzikana hapa Makangale walinisimamisha niseme yaliyonipata. Nayaandika kama nilivyoyasema, ila mpangilio sina hakika nao, maana skuli sikufika mbali.

Nilisema: Ndugu zangu, nawaambia kweli, mpumbavu mkubwa kuliko wote niliopata kuwajua nimemlisha kwa mkono wangu huu.

Mnajua mimi ni kinyozi. Watoto wengi wa upande huu nimewanyoa nywele za arobaini, na kiburi kikaniingia. Akitajwa kinyozi mwenzangu wa Tumbe, nilikuwa nikitema mate.

Mwaka karafuu iliposhuka bei, bwana mmoja mwenye shamba, simtaji, aliagiza kondoo kumi wa sufu, wanyama wa nchi za baridi. Kuwaleta kwenye joto hili ulikuwa ujinga mtupu. Lakini haki nimpe: aliwajengea banda zuri kuliko nyumba yangu. Kazi zao zilikwenda kwa majira: masika kuwachonga kwato zisioze, kisha kuwapekua kupe, na kiangazi kikikaribia, kuwakata sufu. Siku ya kukata akaniita, akanipa mkasi mkubwa ulioletwa pamoja nao. Mchungaji wao, bibi mmoja mtu mzima, akaniambia nibakishe sufu unene wa kidole.

Nikamrudishia mkasi. "Huu wa mshoni, bibi. Mimi nanyoa."

Nikawalowesha kwa maji ya sabuni, nikawanyoa kwa wembe mpaka ngozi, kama kichwa cha mtoto wa arobaini. Wakatoka wanang'aa. Waliokuja kutazama wakanisifu. Siku chache baadaye jua likawababua, ngozi zikapasuka, nzi wakaingia, na hao hao wakaniita kinyozi wa kondoo. Mmoja akaniuliza mbele ya watu, "Yakhe, mwanangu nimlete, au ana miguu michache?" Sifa zao na kicheko chao ni takataka moja. Lakini ningekuwa wao, ningecheka zaidi.

Kondoo wanne wakafa. Hakuna mama aliyenipa tena kichwa cha mtoto. Nikajifungia ndani nikijihurumia, kazi rahisi kuliko zote.

Yule bibi akaja mlangoni. "Weye umelala, na wale sita wanaoza. Inuka."

Nikamwambia naona haya.

"Haya zako hazipaki mafuta."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipogeuka. Kila asubuhi tuliwaosha vidonda, tukawapaka mafuta ya nazi, tukawaweka kivulini mwa mikarafuu mpaka alasiri. Bibi alinionyesha kila jambo mara moja tu. Nikikosea, alinipokonya kitambaa akafanya mwenyewe, na matusi yangekuwa nafuu. Mmoja tena alikufa. Watano walipona, sufu ikaota. Msimu uliofuata nikaushika ule mkasi, naye akipima kwa kidole chake mwenyewe kila nilipopita.

Mwaka huo binti yake alijifungua. Siku ya arobaini, mbele ya wanawake wote, bibi akaniwekea mtoto mbele yangu. Nikaujaribu wembe mara tatu kwenye kidole changu, nisithubutu kuugusisha kichwani, nikadhani ataniondoa.

Akasema, "Sasa naweza kukupa, kwa kuwa unaogopa."

Tangu siku ile nimerudi kazini. Namshukuru bibi yule, aliyenidharau kwa haki na asiniache. Nanyi nawaambia: fundi asiyeogopa anachokishika, msimpe chenye roho.

Hayo ndiyo niliyosema. Nilipokaa nikakumbuka kwamba yule bwana mwenye shamba angeweza kunishitaki na hakunishitaki, wala sikumshukuru. Namshukuru hapa, ingawa hatayasoma, na kesho nitakwenda kumwambia.

Jioni tumekula muhogo wa nazi na samaki changu wa kuchoma. Mke wangu, aliyekuwa akisikiliza upande wa wanawake, alinitilia chakula mara mbili.