Barafu Mkononi mwa Mama Cherehani

Mgeni rasmi, mkuu wa jopo la utafiti wa dawa, sisi wagonjwa wa wodi ya saratani tunasema karibu sana. Viti havikutosha, utuwie radhi. Waliosimama wamesimama kwa hiari yao, wamechoka kulala.

TULIKOTOKA

Mwaka jana tulielezwa kuhusu chanjo ya kutibu. Seli za saratani hazizeeki kwa sababu zina kitu kiitwacho telomerasi. Chanjo huufundisha mwili kukitambua na kuzishambulia seli hizo. Mama Cherehani, fundi nguo wa kitanda cha dirishani, alicheka: "Kumbe ugonjwa ndio kijana, mimi ndiye ninayezeeka!" Akawa wa kwanza kujiandikisha.

MAFANIKIO

Hakuna aliyekosa sindano hata moja, hata siku za kutapika.

CHANGAMOTO

Hapa tunaomba utuvumilie. Siku mbili baada ya kila kipimo cha ngozi, yaani kisindano cha majaribio mkononi, muuguzi hupita na rula kupima uvimbe. Sisi tulidhani anayevimba amedhurika, na aliyedhurika huondolewa. Mkono wa Mama Cherehani ulivimba, we! "Nikitolewa nimekwisha," alisema. "Kandeni." Tukaukanda kwa barafu tangu alfajiri mpaka ukanywea. Muuguzi akapima, akaandika: hakuna. Tukapongezana, wajinga sisi, na vipimo viwili vilivyofuata tukarudia yale yale!

Kumbe uvimbe ule ndio uliokuwa ukitafutwa, ishara kwamba mwili umeitika. Baada ya "hakuna" tatu, akaondolewa kwenye utafiti. Majuto ni mjukuu, na mjukuu wetu huyu halali usiku.

MAOMBI

Ombi ni moja: apimwe upya. Tumesikia dozi zake zitateketezwa Ijumaa. Hatusemi angepona; daktari ametueleza kinagaubaga kwamba chanjo yenyewe bado inajaribiwa. Tunaomba tu asiadhibiwe kwa kosa letu. Tulimweleza muuguzi, akasema yeye hana mamlaka ya kufuta kilichoandikwa. Wewe unayo.

Mgeni rasmi, aliyeleta barafu ni mimi ninayesoma risala hii, jirani yake wa kitanda. Hajanilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana.

Mungu akupe moyo wa kusikiliza na akurudishe kwako salama. Mama Cherehani hayumo humu ukumbini, hawezi tena kupanda ngazi. Tunakuomba, kabla ya chai, ushuke umwone. Ngazi ni kumi na nane tu.

Ni sisi,
Wagonjwa wa Wodi ya Chini