Mama Tarehe na Mwezi wa Kumi na Tatu

Baada ya miaka thelathini na miwili katika masijala ya idara hii, mwenzetu Mama Tarehe anastaafu rasmi tarehe 28 Februari. Tumeanza na siku, ukafuata mwezi, ili tusirudishiwe jarida.

Aliingia kama karani wa kupokea barua, akapanda hadi kuwa mkuu wa masijala. Paa lilipovuja na majalada kulowa, aliyakausha na kuyapanga upya kwa miezi saba, na halikupotea hata moja. Jina la utani alilipata kihalali. Barua yenye tarehe iliyoandikwa kinyume haikupita mezani kwake, hata iwe imesainiwa na mkurugenzi. Mimi mwenyewe nilirudishiwa ombi la likizo mara tatu, nikanuna wiki nzima. Leo nakiri alikuwa na haki.

Wengi hawajui kwamba jioni hupanda juu ya paa la nyumba yake na darubini yenye stendi inayoongozwa na kompyuta. Mama yake mzazi ndiye aliyemfundisha utotoni zile nyota tatu zilizojipanga mstari, lakini sasa magoti yamemkatalia ngazi. Mama Tarehe, binti yake, akaahidi kumshushia picha ya wingu la gesi linalong'aa chini ya nyota hizo. Picha ya aina hiyo hutaka kamera iachwe wazi kwa muda, na stendi isipofuata mwendo wa anga sawasawa, nyota hutoka michirizi.

Basi mapema mwezi huu alisawazisha miguu ya stendi kwa pima maji, akaingiza mahali, saa na tarehe, akaiamuru itafute nyota. Tarehe tano ikaelekea tangi la maji la jirani. Tarehe sita ikainamia ukuta. Tarehe saba ikamwarifu kwamba nyota hiyo imeshazama, ilhali inamwangalia utosini. Alikaza kila skrubu, akabadilisha betri, nusura airudishe dukani. Bibi, yaani mama yake huyo, aliulizia picha yake kila asubuhi, hadi binti akaanza kukwepa chumba chake. Alituambia hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Siku kadhaa zikapita na mawingu. Tarehe kumi na tatu mashine ikagoma kabisa: haiujui mwezi wa kumi na tatu. Hapo ndipo alipong'amua. Mashine ilitaka mwezi kwanza, naye kwa mazoea ya masijala alikuwa akiipa siku kwanza, kwa hiyo tarehe tano Februari ilisomeka tarehe mbili Mei. Mganga hajigangi. Aliporekebisha, nyota ya kwanza ikaingia kwenye kioo, kwa ya pili akaisogeza stendi kidogo tu, nayo ikashika njia. Kesho yake alijiandikia barua ya onyo, akaigonga muhuri na kuibandika mezani kwake. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Picha ilipokuwa tayari, Bibi aliishika kwa mikono miwili, akaitazama mpaka machozi yakamlenga. Kisha akaigeuza nyuma, akamrudishia binti yake. Haikuwa imeandikwa tarehe.

Sasa tunajua tabia hiyo imetoka wapi. Asante, Mama Tarehe, kwa kila karatasi uliyoturudishia. Kuanzia tarehe mosi Machi, tunakutakia anga safi, afya njema, na jioni nyingi na mama.