Wasifu wa Hartwig von Tellenau, Aliyeomba Asizikwe na Vyeo Vyake

Ndugu, majirani wa Kavimvira na wa Katogota, nanyi mlioshuka kwa miguu kutoka Bijombo: tunayemweka ardhini leo, Jumamosi tarehe 21 Septemba 2024, ni Hartwig von Tellenau, mume wa Félicité. Mmezoea kumsikia akiitwa Baroni, Koloneli, Honorable. Msalaba ulio mbele yenu hauna hata kimoja cha vyeo hivyo, na tangu asubuhi watu wananong'ona kwamba familia imemdharau mkwe wake. Wasifu huu umeandikwa na mama mkwe wake, Pudentienne, ili kujibu mnong'ono huo. Unasomwa na Marie-Rose, mjukuu wake, kwa sababu kwetu mama mkwe haweki jina la mkwe mdomoni. Kuliandika, ameliandika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 huko Tellenau, kijiji cha kaskazini mwa Ujerumani, katika nyumba ya mawe yenye vyumba vingi na paa linalovuja. Baba yake aliitwa baroni, na babu yake vilevile. Dada yake mmoja, Irmgard, ndiye aliyemtangulia kuzaliwa. Kuhusu ule ubaroni, marehemu mwenyewe alieleza kwamba sheria ya kwao iliuvua nguvu hata kabla baba yake hajaoa, ukabaki kipande cha jina tu. Pudentienne hakupenda kusikia hivyo. Yeye ni binti wa chifu na hajawahi kusahau. Alidhani lile neno "von" ndilo cheo chenyewe, kama sisi tunavyomwita chifu Mwami, na alikuwa ameshalitangaza Katogota nzima. Alimtuma Félicité amuulize maana yake kamili. Félicité akarudi na jibu.

"Mama, iko sawa na 'wa'. Wa Tellenau. Kama vile weye wa Katogota."

"'Wa' tu?"

"'Wa' tu, Mama."

Siku ile Pudentienne hakula. Kesho yake akaendelea kulitangaza, maana alikuwa ameshaanza.

Marehemu alisoma shule ya bweni ya mapadri, akajifunza Kilatini na kupiga piano, na mwaka 1967 akaingia chuo cha maofisa wa jeshi. Kiswahili alikisoma akiwa na mvi, kwa kamusi na kwa midomo ya wabadili pesa wa mpakani Kavimvira. Kila alipoambiwa "haya", alikuwa anainamisha kichwa. Kumbe kamusi ilimwambia haya ni aibu, naye akaamini kwamba mtaa mzima unamkemea. Aligundua kosa lake siku mbadili pesa mmoja, Jolie, alipomwuliza mbele ya wenzake: "Papa Fon, kwani kila nikikuambia haya, unatubu nini?" Wanawake walicheka mpaka wakashika meza. Yeye alitabasamu kidogo tu, akachukua pesa zake, akaenda.

Jeshini alipanda mpaka Luteni Koloneli. Mwaka 1998 alichaguliwa depite katika bunge la jimbo lao, akakaa humo mpaka 2005, alipojiuzulu bila kufukuzwa na mtu. Mwaka 2006 alikuja huku kwetu Kongo, mjini Uvira, pamoja na waangalizi wa uchaguzi. Wenzake walirudi kwao. Yeye alipanga nyumba Kavimvira, karibu na ziwa, akabaki.

Félicité alikuwa mjane mwenye watoto wawili, Thierry na Marie-Rose. Walifunga ndoa tarehe 8 Agosti 2009. Bwana harusi alikuwa na mvi nyingi kuliko mama mkwe, jambo ambalo lilizungumzwa sana na halina haja ya kuzungumzwa tena. Siku ya mahari, Libérat, baba mdogo wa Félicité, alikodi gari na wapiga tarumbeta ili mkwe wa kibaroni aingie kwa heshima. Mkwe akaja kwa miguu nyuma ya ng'ombe aliowanunua Bijombo, fimbo mkononi, matope hadi magotini. Pudentienne alichungulia kwenye ufa wa mlango, akarudi ndani akaketi.

"Baroni gani anachunga?" akauliza.

Na haikuishia hapo. Mtu huyu alichota maji kwa bidoni, barabarani, watu wakimwona. Alifua. Alichambua sombe, majani ya muhogo, na mkewe mlangoni. Pudentienne alituma neno kwamba aache, anaaibisha ukoo. Neno likarudi kwamba mgongo wa Félicité unauma, na kwamba atachota kesho pia. Aliwalea Thierry na Marie-Rose kama aliowazaa, akawafundisha kupika mkate mgumu ambao hata mbuzi waliufikiria kwanza.

Basi kadiri mkwe alivyojishusha, ndivyo mama mkwe alivyompandisha. Sokoni, kanisani, mpakani. "Mpisheni mama mkwe wa Baroni!" alikuwa anasema kwenye foleni ya Kavimvira. Ofisa mmoja wa forodha akamwuliza, "Baroni? Iyo ni bia ya wapi?" Watu wakacheka, naye akapita mbele yao wakiwa bado wanacheka. Hakuomba msamaha kwa hilo na haombi leo.

Ugonjwa wa moyo ulimshika marehemu mwaka jana, miguu ikavimba. Alitibiwa Uvira, kisha Bujumbura. Mwezi wa nne mwaka huu ziwa lilipopanda na maji yakaingia hadi chini ya kitanda, Thierry alimleta Katogota, nyumbani kwa mama mkwe. Jambo hili nalo lilikuwa haya kubwa: mkwe kulala kwa mama mkwe, mama mkwe kusikia mkwe akikohoa. Wakatundika kitambaa mlangoni. Yeye ndani, Pudentienne nje kwenye kigoda, na hivyo ndivyo walivyoanza kuzungumza, baada ya miaka kumi na mitano.

Mchana mmoja wa mwezi wa nane Félicité alikuwa kwenye mpunga. Sauti ikatoka nyuma ya kitambaa.

"Mama, siku ya kunizika, wasiseme Koloneli."

"Kwa nini? Si ulikuwa?"

Ndipo akamweleza. Alipokuwa meja, alitumwa pamoja na wanajeshi wake kulinda kambi katika nchi ya milima yenye vita, huko huko Ulaya. Jioni moja watu wa vijiji walikimbilia kambini, wanawake, wazee, watoto, wakagonga lango. Amri ya wakubwa ilisema lango lisifunguliwe. Alikuwa na ufunguo. Alitii. Kulipokucha, mbele ya lango vilibaki viatu na mabunda ya nguo. Watu walikuwa wameshachukuliwa na wenye bunduki waliowafukuza, na hawakurudi.

"Wakanipa medali, Mama, kwa kutii. Medali ikaleta ukoloneli. Ukoloneli ukaleta ubunge, picha yangu ukutani, watu wananipigia makofi. Vyote vilianzia pale langoni."

Pudentienne akaweka chini kikombe chake cha chai. Halafu akasema, "Na minye nimevitangaza vyeo vyako soko nzima."

"Najua. Nilisikia. Niliona haya kukukataza, wewe ni mama mkwe."

Kisha akasema neno ambalo ndilo limetufikisha hapa: "Wakisoma vyeo, wasome na lango. Wakinyamazia lango, wanyamazie vyeo."

Alifariki Alhamisi tarehe 19 Septemba 2024, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Félicité.

Jana Libérat alileta msalaba wenye vyeo vyote kwa rangi nyeupe. Pudentienne alimwambia seremala avipige randa. Libérat akakasirika mbele ya watu.

"Shemeji, weye mwenyewe ndiye ulitufundisha ile majina! Leo unatuvua nguo?"

"Minye siko navua muntu. Yeye mwenyewe alivua." Akamsimulia habari ya lango.

"Basi nyamaza vyote. Zika muntu wako, nani atajua?"

Shauri la Libérat lilikuwa jepesi, na mtu mwenye busara angelifuata. Lakini vyeo vilishasomwa. Vilisomwa kwa miaka, kwa sauti, kutoka Kavimvira mpaka huku, na aliyevisoma ni Pudentienne. Hawezi kuvirudisha mdomoni. Alichobaki nacho ni kusoma na lango, na sasa limesomwa. Uso wake unaungua, na Marie-Rose asiruke mstari huu. Wale waliokuwa langoni hatuwajui majina. Tunawainamia. Mkwe wetu aliwafungia lango, hatusemi vingine. Na ni mkwe wetu. Hatusemi vingine pia.

Askari waliotumwa kupiga saluti wanashukuriwa kwa kufika. Wakae, wale wali.

Marehemu ameacha mjane, Félicité, watoto, Thierry na Marie-Rose, wajukuu watatu, dada, Irmgard, aliye mbali, tena mgonjwa, na mama mkwe, Pudentienne, ambaye leo amevuka kile kitambaa na kusimama karibu naye.

Apumzike kwa amani, na mtu asimwamshe kwa cheo.