Kikohozi Kilichokatwa

Benchi la kijiwe cha kahawa ni ubao uliolazwa juu ya matofali, nje ya kibanda cha kinyozi, chini ya dirisha la kituo kidogo cha redio ya mtaa. Siku hiyo Sikio, fundi mitambo wa redio hiyo, alishuka ngazi na kompyuta kwapani, uso umemkunjamana. Jioni, kwenye kipindi cha salamu, yeye na wenzake wa kijiweni walipanga kumuaga Bibi Nesi, mkunga wa zahanati, aliyekuwa anastaafu na kuhamia kwa binti yake. Zawadi yao ilikuwa moja tu: wimbo wa kumshukuru mkunga huyo, ambao mama yake Sikio aliutunga na kuuimba wiki chache kabla hajafariki. Sikio hakuwa na sauti nyingine ya mama yake popote, na hiyo moja sasa ilikuwa imeharibika.

Akabonyeza. Sauti ikatoka kama ya mtu anayeimba ndani ya pipa la maji, na kila ilipopanda ikakwaruza.

— Spika zako zimechoka, alisema Kasi, dereva wa pikipiki, bila kushusha kikombe.

— Nimepiga nyimbo nyingine kwa spika hizihizi. Ziko safi.

— Basi ni mawingu. Tangu asubuhi hatujaona jua.

— Faili liko ndani ya kompyuta, Kasi. Halijatoka nje likanyeshewa.

Waziri akajiweka sawa. Huyo ni fundi cherehani, ila husema kama mtu aliyetoka kikaoni sasa hivi.

— Ni msongamano, ndugu zangu. Faili limebanwa na wenzake. Sauti nayo inataka nafasi ya kupumua.

— Nimeshaligeuza likawa faili kubwa, lile la kutangazia. Limekuwa zito kweli. Nimepata pipa kubwa zaidi, maji yaleyale.

— Mimi nasema ni umeme, alidakia Wembe, kinyozi. Simu ikichajiwa kwa umeme wa kuungaunga, sauti inaingia ikitetemeka. Hata mashine yangu nikiichaji kwa jirani, inanyoa upande.

— Huo ni mkono wako, alisema Mama Kahawa akimwongezea kikombe.

Walicheka. Waziri hakutaka kupitwa.

— Au faili linajua mwenye sauti hayupo tena. Limelegea kwa majonzi.

Hapo hakucheka mtu. Sikio akaweka kikombe chini.

— Kasi, wewe ndiye uliyenitumia. Uliutoa wapi?

— Kwa Waziri.

— Mimi kwa Wembe, alisema Waziri.

— Na mimi kwa Mama Kahawa.

Ndiyo desturi ya kijiwe hicho: kitu kizuri hakiondoki pale mpaka kipite kwenye simu zote.

— Kuna aliyeugusa? aliuliza Sikio.

Benchi zima likaanza kutazama barabara.

— Nilikata kikohozi cha mwanzo tu, alisema Wembe. Nilikuwa nausafisha. Mteja hatoki kwangu na nywele shingoni.

— Mimi niliupunguza kidogo, alisema Waziri. Simu yangu imejaa.

— Nami nikaupandisha sauti, alisema Kasi. Pikipiki ina kelele.

Sikio akashika kichwa.

— Kila mlipouhifadhi upya, programu ilitupa vipande vya sauti ili faili liwe jepesi. Mkitumiana kama ujumbe, linabanwa tena. Halafu Kasi akapandisha mpaka sauti ikapasuka. Jamani, mmemnyoa mama yangu, mkampunguza, mkampigisha kelele barabarani.

— Samahani, kaka, alisema Kasi. Nausikiliza kila asubuhi nikianza kazi. Mwanangu alitanguliza miguu siku ya kuzaliwa, na ni Bibi Nesi aliyemtoa salama. Mimi sijui kuimba. Mama yako aliimba kwa niaba yangu.

Hasira ya Sikio ikakosa pa kukaa. Wote waliuharibu kwa kuupenda.

— Mama Kahawa, wewe hukuugusa. Nipe wa kwako.

— Mwanangu, simu ile ilitumbukia kwenye ndoo. Hii ni nyingine.

Wakati huohuo Bibi Nesi akatokea, mkoba begani, amekuja kunywa kikombe cha kuagana. Kasi akaifunika kompyuta kwa kofia yake ya pikipiki.

— Unaficha nini? Huo wimbo nimeusikia tangu kwenye kona.

Zawadi ikawa imeshafunguka. Sikio akamweleza yote, naye akasikiliza kwa makini, kama anavyosikiliza wagonjwa. Kisha akauliza:

— Mama yako alikuwa na simu ndogo ya tochi, haina kamera wala haiwezi kurekodi. Sasa alirekodi kwa simu gani?

Wote wakamgeukia Mama Kahawa, aliyeupata wa kwanza.

— Alikuja na simu mkononi, akaniambia niupokee kwa Bluetooth, alisema Mama Kahawa. Sikuangalia ni ya nani.

Bibi Nesi akafungua mkoba.

— Nilikwenda kumpima presha. Nilipotoka kunawa mikono, simu yangu ikapotea mezani. Akanirudishia jioni, ati alikuwa anaangalia saa. Wimbo nikaukuta humo, na tangu hapo nimejifanya sijui, nisiwaharibie furaha yenu.

Akatoa simu hiyohiyo, akaupiga wimbo. Kwanza kikatoka kikohozi kirefu, kijiko kikagonga kikombe, mama akacheka akasema, "Ngojeni, naanza upya." Ndipo akaimba, sauti safi, kila neno mahali pake. Kikohozi kile Sikio alikisikia upande wa pili wa ukuta miezi mizima, akiomba kiishe. Leo alishukuru kimebaki, na machozi yakamtoka mbele ya watu wala hakujali.

— Nikutumie? aliuliza Bibi Nesi.

— Hapana, walisema wote kwa pamoja.

— Nakwenda kuchukua waya, alisema Sikio akijifuta. Asante, Bibi. Na ninyi asanteni. Mmeutembeza mpaka ukarudi kwa mwenyewe.

Alipofika kwenye ngazi, Wembe akamwita kwa sauti ya chini.

— Na kile kikohozi, tukifanyeje?

— Tunaanza nacho.